Nimemfuata Mjusi wa Tendaguru hadi Berlin

Jumatatu

Nimetua Berlin asubuhi na begi moja la nguo na kilo tatu za korosho za kukaanga kutoka Lindi. Mpwa wangu alikuwa ananisubiri uwanjani, koti zito mkononi. "Shikamoo mjomba. Vaa kwanza, habari za nyumbani utaniambia kwenye treni." Mwezi wa nne huku jua linawaka lakini halina joto, na nilipotoka nje nikaelewa kwa nini aliniwahi na koti.

Yeye ni muuguzi hapa, mwaka wa sita sasa. Tiketi kanilipia yeye. Miaka yote amenisikia nikilalamika kwamba nafundisha habari za Tendaguru, mahali palipo ndani ya mkoa wetu, na mjusi mwenyewe, dinosaria aliyechimbwa huko akapelekwa Berlin, sijawahi kumwona. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili huniuliza, "Mwalimu, ni mkubwa kiasi gani?" na mimi huwaonyesha mti wa mwembe ulioko uwanjani nikikisia.

Nilitaka kwenda kumwona leoleo. Mpwa akacheka: Jumatatu makumbusho mengi ya hapa hufungwa. Basi tukaenda kutembea tu kwenye Kisiwa cha Makumbusho, kipande cha ardhi katikati ya mto Spree chenye majumba matano ya makumbusho. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1830, la mwisho 1930, na mwaka 1999 UNESCO ikakiweka kisiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hilo la mwisho, Pergamon, limefungwa lote tangu 2023 kwa ukarabati. Mbele ya lile la kwanza kuna bakuli la jiwe, upana wake karibu mita 7, limechongwa kutoka mwamba mmoja wa granite. Nikaweka kiganja juu yake. Baridi yake ikapanda hadi kwenye kiwiko.

Usiku nimelala saa kumi na moja mfululizo.

Jumanne

Treni ya chini ya ardhi, njia ya U6. Kituo chenyewe kinaitwa Naturkundemuseum, yaani makumbusho ya viumbe na maumbile, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Mpwa alikuwa na zamu hospitalini, nikaenda peke yangu. Nilifika kabla hawajafungua mlango, nikasimama na kundi la watoto wa shule waliovaa vikoti vya rangi ya njano.

Ukishakata tiketi hakuna kuzunguka wala kutafuta. Unaingia ukumbi wa kwanza wenye paa la vioo, na huyo hapo.

Nilianza kumwangalia miguuni, kwa sababu miguu ndiyo iliyokuwa usawa wa macho yangu. Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una urefu wa zaidi ya mita 2. Mimi si mfupi, lakini mfupa huo unanipita. Nikapanda na macho: bega, shingo, halafu shingo tena, halafu bado shingo, mpaka kichwa kidogo kule juu karibu na vioo. Mita 13.27. Hakuna kiunzi kingine cha dinosaria kilichosimamishwa duniani chenye kimo hicho. Mwembe wa shuleni kwetu, nimewadanganya watoto. Anaupita kwa mbali.

Rangi ya mifupa ni kahawia. Nilisogea hadi kwenye kizuizi na kuinama. Karibu na kifundo kuna nyufa nyembamba zilizozibwa kwa mkono, mstari baada ya mstari, kama chungu kilichovunjika kikaunganishwa na mtu mwenye subira. Uti wa mgongo ulioko juu ni wa kuigiza, maana pingili halisi ni nzito mno na zinavunjika kirahisi. Na huyu si mnyama mmoja. Wamekusanya mifupa ya zaidi ya mmoja ili kumkamilisha. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, kusini kwetu kulipokuwa ufuko wa bahari na vinamasi.

Nilikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Watoto walikuwa wanapokezana kwenye darubini zilizowekwa hapo, ambazo ukichungulia unaona mifupa inavikwa nyama na ngozi, mnyama anaanza kutembea. Walipiga kelele za furaha kila mara. Mimi nilikuwa nawaza watu.

Hadithi ninayoifundisha darasani ni hii. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Wenyeji walikuwa wanaijua kabla yake. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu, Eberhard Fraas, akathibitisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho haya ya Berlin yakaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Misimu mingine vibarua walifika hadi 500. Walichimba, wakafunga mifupa kwa udongo na plasta, wakaipanga ndani ya mianzi iliyofungwa kama pipa, wakaibeba kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne kwa miguu. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo. Barabara ya gari haikuwepo. Ng'ombe na punda wasingedumu kwa sababu ya mbung'o.

Na tazama miaka. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, watu walipong'oa pamba kule Nandete, vikaisha 1907. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa kufikia laki tatu. Miaka miwili baadaye, katika nchi ileile, kazi ya kubeba mifupa ikatangazwa. Mtu aliyenusurika njaa ataikataa kazi yenye ujira?

Bibi mzaa mama alikuwa akitusimulia kwamba baba yake alibeba "mawe ya Wajerumani" mpaka mjini, na kwamba utosini alikuwa na upara wa duara ambao nywele hazikuota tena. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni mawe kweli. Leo nimeyaona hayo mawe.

Kisha nikaanza kusoma majina, na hapo ndipo moyo uliponiuma. Mjusi wetu jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai: huyo Branca alikuwa mkurugenzi wa makumbusho haya. Pembeni yake yuko mwembamba mwenye miguu ya mbio, Elaphrosaurus bambergi: Bamberg alikuwa mwenye viwanda. Pia kuna Dicraeosaurus hansemanni. Wote wametoka kwenye udongo wa Lindi, wakabatizwa kwa waliokaa Berlin. Aliyeuona mfupa wa kwanza kwa jembe lake, akajua hapa nichimbe taratibu, hapa nitumie kisu, aliitwa nani?

Mmoja tunamjua. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi ambaye Janensch alimtegemea kwa kazi ngumu za kuitoa mifupa ardhini ikiwa mizima. Ilibidi miaka karibu mia ipite, hadi 2007, ndipo mtaalamu mmoja alipompa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akaja Wamweracaudia keranjei: sehemu ya kwanza kwa ajili ya Wamwera, ya pili kwa ajili ya Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine. Mimi ni Mmwera. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza kwenye simu, nikiwa chumba cha walimu, nililisoma kwa sauti, walimu wenzangu wakageuka.

Mtoto mmoja wa vikoti vya njano alikaa karibu nami kufunga kamba za viatu. Mwalimu wake aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikaonyesha juu: "Natoka alikotoka yeye." Akawaita watoto wote. Nikawasimulia ile safari ya siku nne, yeye akitafsiri, na mtoto mmoja akauliza walikuwa wanakunywa maji wapi. Swali la akili. Maji Tendaguru yalikuwa shida, ilibidi yachotwe mbali na kuletwa kambini, na hiyo ilikuwa kazi nyingine tena ya kichwa.

Mchana nilipita kwenye jumba la sanaa ya kisasa lililo mtaa huohuo wa Invalidenstraße, Hamburger Bahnhof. Lilijengwa kuwa kituo cha treni miaka ya 1840, na tangu 1996 ni makumbusho ya sanaa. Ukumbi mkubwa, vyuma vizuri juu. Niliingia nikatoka. Macho yalikuwa yameshajaa.

Jumatano

Leo mpwa alikuwa na mapumziko, tukaingia Neues Museum kisiwani. Jumba lilipigwa mabomu wakati wa vita, likakaa gofu kwa miongo mingi, likafunguliwa upya 2009. Waliolikarabati hawakuficha makovu: ukuta mmoja una rangi za zamani nusu, nusu nyingine matofali matupu. Nilipenda hivyo.

Kila mtu hapo anaelekea chumba kimoja, chenye kuba, ambako sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, imesimama peke yake ndani ya kioo. Ni kichwa na shingo tu, si kubwa. Picha hairuhusiwi, na labda ndiyo sababu watu wanamtazama kweli. Jicho la kulia lina mboni nyeusi inayong'aa. La kushoto ni jeupe, tupu. Ukisimama upande wake wa kushoto anakuwa mtu mwingine, mwenye uchovu. Wamisri wamemdai kwa miaka mingi.

Kilichonishika ni tarehe. Alifukuliwa Amarna tarehe 6 Desemba 1912. Mwaka uleule baba yake bibi alikuwa njiani kati ya Tendaguru na Lindi. Nilimwambia mpwa, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, huu mji ulikuwa unapokea mizigo kila upande."

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi Humboldt Forum, jumba la kifalme lililojengwa upya, ambalo sasa linahifadhi maonyesho ya tamaduni za Afrika, Asia, Amerika na visiwa vya Pasifiki. Hapo kuna mashua ya kisiwa cha Luf kule Pasifiki, kubwa kiasi kwamba iliingizwa ukuta ukiwa bado wazi, kisha ukajengwa. Zipo shaba za Benin, sanamu za ufalme wa kale katika Nigeria ya leo. Mwaka 2022 umiliki wake ulihamishiwa Nigeria, zaidi ya vitu 500, na baadhi zimebaki hapa kama mkopo. Kibandiko kinachosema kitu ni cha nani nakiona kuwa jambo kubwa, hata kama kitu chenyewe hakijapanda ndege.

Vitu vya kwetu pia wanavyo, na baadhi vilichukuliwa kwenye vita vya Maji Maji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Nilimwona kwenye televisheni na wanafunzi wangu. Binti mmoja aliuliza kama fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni kwenye vita hivyo, limepatikana. Wazee wa Songea bado wanalisubiri.

Jioni tumekula ugali na mchicha. Unga anaununua Wedding, kwenye maduka ya Waafrika.

Alhamisi

Huko huko Wedding ndiko tulikokwenda leo, kwa U6 ileile, tukapitiliza Naturkundemuseum kuelekea kaskazini. Kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Si mtaa wa makumbusho, ni nyumba za ghorofa, watu wameanika nguo vibarazani, bibi mmoja anatembeza mbwa. Lakini majina! Sansibarstraße. Tangastraße. Togostraße. Kameruner Straße. Unatembea kwenye ramani ya makoloni ilhali watu wananunua mikate.

Tulikuwa tunatafuta mtaa mmoja. Uliitwa Petersallee, jina lililowekwa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara mwaka 1884 na karatasi za mikataba, na ambaye kule Kilimanjaro alinyonga watu hadi wenzake wenyewe wakamfukuza kazi. Kwetu anakumbukwa kwa jina la Mkono wa Damu. Agosti 2024, baada ya miaka mingi ya watu weusi wa Berlin na wenzao kudai, mtaa ukagawanywa majina mawili mapya. Nusu unaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia. Nusu nyingine, Maji-Maji-Allee.

Kibao ni cha kawaida, cheupe, maandishi meusi. Nilisimama chini yake bila kusema kitu. Kinjikitile, yule mganga wa Maji Maji, alikuwa na maji ya Ngarambe na neno moja tu la kuwaunganisha watu wa makabila mengi, na leo Mjerumani akijaza fomu ya anwani yake analiandika neno hilo kwa mkono wake. Mpwa akanipiga picha. Anasema nimenuna. Sikununa.

Mchana tukashuka hadi Brunnenstraße, namba 193. Hapa unaangalia chini, si juu. Kwenye mawe ya njia ya miguu kuna kibati cha shaba, sentimita 10 kwa 10, kimewekwa mbele ya nyumba aliyoishi Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe aliingizwa kwenye jeshi la Wajerumani akiwa mtoto kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 akaja Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake ambao haukulipwa. Hakulipwa. Akabaki: akawa mhudumu kwenye ukumbi wa starehe, akaigiza kwenye filamu, hata ile ya kumsifu Carl Peters, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwalimu wa Kiswahili. Nilitoa kitambaa nikafuta vumbi kwenye kibati mpaka herufi zikang'aa. Kabla yake walikuwepo wengine katika mji huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili hapa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita na akafia hapa mwaka 1927. Wajerumani wangapi walikwenda kututawala wakiwa wamefundishwa "hujambo" na watu hawa? Nikamwombea Mahjub Fatiha palepale, watu wakitupita na baiskeli zao. Mpwa akaitikia amina.

Ijumaa

Ndege ni usiku. Asubuhi nilimwomba mpwa tumrudie mjusi, amwone na yeye. Miaka sita Berlin, hajawahi kuingia. "Nilikuwa nakusubiri wewe, mjomba," akasema, na namwamini.

Tulizunguka mpaka nyuma, kwenye mkia, kisha tukakaa kwenye benchi langu la Jumanne. Akaniuliza swali ambalo kila mtu nyumbani ataniuliza: arudishwe au abaki? Hoja imefika hadi Bungeni kwetu zaidi ya mara moja. Nilikuja na jibu moja, arudi, basi. Baada ya kuona zile nyufa zilizozibwa nina jibu refu zaidi. Kwanza Lindi ijengewe makumbusho, lenye paa lisilovuja na mafundi waliosomea mifupa, vijana wa Mipingo na Mchinga wenyewe. Berlin igharamie, maana mamilioni ya watu wamelipa viingilio kumwona huyu. Mifupa mingine iliyoko kwenye maghala yao ianze kurudi. Na mkubwa mwenyewe azungumzwe sisi tukiwa na nyumba ya kumweka. Bado naamini ni wetu. Wanafunzi wangu wana haki ya kusimama chini ya shingo hii bila kuomba viza.

Nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi za vimo na miaka, lakini ukurasa wa mwisho niliuacha kwa ajili ya majina ya watu, nitakaoubandika ukutani darasani. Boheti bin Amrani. Mohammadi Keranje. Mpwa akachukua kalamu kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, akaandika hayo mawili kwa herufi kubwa, kisha akauliza, "Na yule baba yake bibi, aliitwa nani?"

Sikujua. Miaka hamsini nimebeba hadithi yake na sikuwahi kuuliza.

Tukampigia mama Lindi, simu ikiwa kati yetu kwenye benchi, mjusi juu ya vichwa vyetu. Mama alisikia kelele za watoto akadhani tuko shuleni. Nikamwambia tulipo na ninachotaka. Akakaa kimya, nikasikia kuku nyuma yake.

"Sisi tulimwita Babu tu," akasema. "Ngoja nimpigie dada kule Mchinga. Yeye ndiye aliyelelewa na bibi, atakuwa analijua."

Mpwa wangu akapiga mstari chini ya jina la Keranje, akauacha wazi.